Mbuzi Tuliyemla kwa Ajili Yako

Masika binti yangu, mama yangu mdogo,

Salamu utazipata kesho asubuhi kwa mdomo, pamoja na chai. Hapa naandika yale ambayo mdomo umeyakataa wiki hizi zote. Niko kibandani, nimekalia gunia la chumvi. Mpaka umelala, wanunuzi wa Kasindi, ng'ambo ya Kongo, hawajavuka tangu asubuhi, na mama yako amekupeleka sokoni kununua ndoo na neti. Karatasi nimeomba kwa jirani anayeuza madaftari. Ameniuliza, "Muzee, unaandikia nani?" Nikamwambia naandikia serikali. Akanipa nyingi, na uso wa huruma.

Juu ya kuishi huko Fort Portal mama yako amekwisha kusema yote, na najua atayasema tena usiku huu mpaka uzibe masikio. Maji uchemshe, viatu usiazimishe, vijana wa pikipiki wasikuzungushe. Kama wamekupokea chuo cha wauguzi, basi wamekuona una akili, sina haja ya kukufundisha kufua soksi. Mimi nataka kuzungumza juu ya mbuzi.

Najua hutaki kulisikia neno hilo. Nivumilie. Lazima nianze mwanzo, maana nisipoanza mwanzo napotea, na nimepotea vya kutosha.

Ijumaa ile ya soko nilikuwa natoka barabarani, nusu gunia begani, nikapitia nyuma ya nyumba kukwepa matope. Bafu letu unalijua: mabati pande tatu, turubai mlangoni, juu wazi. Thembo, mtoto wa Mzee Bwambale, alikuwa amesimama juu ya beseni lililopinduliwa, mkono umepita juu ya bati, simu mkononi. Ndani maji yanamwagika, na wewe unaimba ule wimbo wa matoleo mliokuwa mnaujifunza kwenye kwaya. Sasa sikia ujinga wa baba yako. Nilidhani mtoto anatafuta netiweki. Haki ya Mungu! Sisi wa mpakani tumezoea: ukitaka laini ya Kongo ishike, unapanda juu ya kitu, unainua mkono, unangoja. Mimi mwenyewe nimewahi kupanda mparachichi nikimtafuta mjomba wako wa Butembo. Basi nikamsalimia. Nikamwambia, "Thembo, ya Kongo iko mubaya leo, jaribu kule kwa barabara."

Akaanguka na beseni lake. Wewe ukanyamaza ndani. Simu ikadondoka kwenye matope, nikaiokota, nikawa naipangusa kwa shati langu ili nimrudishie mtoto wa watu ikiwa safi. Hapo ndipo nikaona kilichokuwa kwenye kioo. Mpaka leo nikikumbuka kwamba niliipangusa vizuri, mikono inaniwasha.

Nilipaswa kufanya nini? Nakuuliza kweli, si kwa kujitetea. Ningekuwa mtu wa hapa, mwenye ardhi yake na ndugu zake, labda ningekwenda polisi moja kwa moja. Lakini Mzee Bwambale ndiye aliyetupokea. Tulipokimbia vita kutoka upande wa Beni, kule Kongo, wewe ulikuwa bado unabebwa mgongoni, umelowa, unakohoa, na yule mzee alitoka nje kwenye mvua akamwambia mama yako, "Ingiza mutoto." Hakuuliza karatasi. Akatupa pembe ya kiwanja chake, na hadi leo hajauliza tutaondoka lini. Mtu kama huyo, mtoto wake akikosa, unampelekea afande mlangoni? Nikaona aibu. Nikaiweka simu mfukoni, nikamwendea yeye.

Akashika kichwa. Akasema, "Yesu Maria! Tutaita wazee."

Wazee wakaja Jumapili, baada ya Misa, wakajaa sebuleni kwetu. Wewe ulikuwa jikoni unapanga vikombe, mama yako yuko nje kwenye moto. Thembo amepiga magoti katikati, analia. Machozi yake nadhani yalikuwa ya kweli, sijui. Nikaeleza nilichokiona. Basi yule mzee anayeongoza vikao, unamjua, yule anayekula ugoro, akasema, "Kesi ya ng'ombe kuingia shamba, sisi tunaenda kwanza kuona shamba. Hatuhukumu kwa kusikia. Shamba iko wapi?" Mwingine akadakia kwa methali, "Mficha uchi hazai. Toa tuone."

Na mimi nikaitoa.

Hakuna aliyenishika mkono, Masika. Nataka ulijue hilo kutoka kwangu, ingawa unalijua. Niliona ni haki. Ndivyo ilivyo tangu babu zetu: mihogo ikiliwa, wazee wanatembea mpaka kwenye mihogo, wanahesabu mashina, ndipo wanasema. Hasara isiyoonekana haina fidia. Nikafungua simu ile kwa kidole changu mwenyewe, nikampa wa kwanza, akampa wa pili. Mmoja akatafuta miwani. Ikawa inapita mkono kwa mkono, na sauti yako ikawa inatoka, wimbo wa matoleo na maji, kisha ukasema mle ndani ya simu, "Mama, sabuni iko wapi?"

Na mama yako huko nje kwenye moto akajibu kwa sauti, "Iko kwa dirisha!"

 Thembo akaacha kulia. Mimi nikatazama mlango wa jikoni. Hukutoka. Baadaye niliona sinia la chai limewekwa chini kizingitini, halina mtu. Nikainama nikalichukua, nikawagawia wazee chai.

Baadaye ikafutwa mbele ya wote. Kijana mmoja alionyesha: hii hapa, nabonyeza, imekwisha. Wakapiga makofi. Mzee Bwambale akaleta mbuzi wa fidia, mbuzi akachinjwa, na kwa kawaida yetu baba wa aliyekosewa anapewa ini la kuchoma kabla ya wengine kugusa kitu. Akilila, kesi imekufa. Haifufuliwi. Anayeifufua anavunja nyumba mbili. Mama yako alikataa hata mchuzi, akasema, "Leo mimi sina meno." Mimi nilikula ini. Lilikuwa limeiva vizuri, Mungu anisamehe, na nilikuwa na njaa tangu asubuhi.

Nikadhani nimemaliza.

Sasa nikuambie la kijiweni, ambalo hatujawahi kulizungumza lote. Unakumbuka siku ile tulipopita pale wanapokaa vijana wa bodaboda, mimi na wewe, tumebeba samaki wa mama yako? Wakaanza kuimba kwa pua, polepole, ule wimbo wa matoleo. Nikafurahi! Nikakuambia, "Eh, siku hizi hata hawa wameingia kwaya!" Nikawapungia mkono. Wewe ukaongeza mwendo mpaka mkia wa samaki ukachomoka kwenye mfuko, na nilipokufikia nyumbani ukasema bila kunitazama, "Papa, bale hawako kwaya." Kisha ukaniambia kwamba Thembo alikuwa ameshawatumia rafiki zake kabla sijaiokota, kipande baada ya kipande, mambo hayo siyaelewi. Kwamba ile iliyofutwa ilikuwa moja. Kwamba nyingine zinatembea.

Tangu siku hiyo hujaimba. Nimesikiliza. Huimbi jikoni, huimbi kanisani, unaoga kimya kama mtu anayeiba maji.

Nimejaribu kuelewa kilichochukuliwa. Usikasirike nikisema hivi, nasema jinsi akili yangu inavyokwenda. Mwizi akiiba chumvi, gunia linapungua. Wewe hukupungua kitu, uko hapa hapa, unakula, unanicheka nikivaa fulana nyuma mbele. Mwanzoni nilimwambia mama yako, "Lakini hakumugusa." Akaninyima maneno siku mbili. Nikabaki najiuliza: kama hakukugusa, kwa nini mtoto wangu anatembea kama mtu aliyepigwa?

Huko kwetu milimani, wanawake walikuwa na mahali pao pa kuogea mtoni, hapana mlango, hapana bati. Mwanamume anayepita njia ile anakohoa. Anakohoa mbali, mara ya kwanza, mara ya pili, anangoja ajibiwe, "Pita!" Ndipo anapita, uso upande wa mlima. Mimi nikiwa mdogo nilifundishwa kukohoa kabla sijafundishwa Baba Yetu. Kulikuwa na mtu mmoja aliyepita bila kukohoa. Akatozwa kuku, kuku akaliwa, na watu wakasahau, maana alichokiona kilikaa ndani ya kichwa chake tu, na kichwa kinazeeka. Hiyo ndiyo sheria niliyokuwa nayo mfukoni Jumapili ile. Nadhani ilikuwa sheria nzuri. Lakini simu haikohoi, wala haizeeki, na sisi tuliipigia hukumu ya kuku.

Na tulipokimbia, wiki zile tulizolala kwenye ghala, watu wengi, hatujuani, mama yako alikuwa anafunga kitenge kwenye pembe ili wanawake wajimwagie maji. Ukuta ni kitenge tu, upepo ukivuma unaona miguu. Wanaume wote tuligeuka tukatazama ukutani, hata walevi, hata yule mwanajeshi mtoro. Hakuna aliyetuamuru. Sasa tuna bati na turubai na amani, na mtoto wa mtu mwema anapanda juu ya beseni. Nani amenielezea hili? Hakuna. Nimemwuliza padri, akasema tuombe. Tumeomba.

Ulipokwenda mwenyewe kituo cha polisi cha hapa Bwera, hukuniaga. Ulirudi, ukakaa mbele yangu nikila maharage, ukasema faili ya mambo ya simu inafunguliwa Kasese, na wanataka mtu aliyeiona simu kwa macho yake. Ukaniuliza, "Papa, utasema?"

Na mimi nikajibu, "Tumekula mbuzi."

Uliinuka ukaenda kuanua nguo. Hujaniuliza tena. Ningependa ungenitukana, ningejua pa kushika.

Jana, ulipokuwa kanisani kuaga wenzako, nilikwenda kituoni peke yangu. Nilimkuta yule afande wa kike mwenye sauti ya kambini, anakula karanga.

"Kaa!" akasema. Nikakaa. "Sema!"

Nikasema yote. Kisha nikamwuliza lile linalonisumbua. "Afande, hata kidole hakumugusa. Kosa iko wapi?"

"Muzee, mulango ya bafu ni ya nini?"

"Ya kufunga."

"Alifunga?"

"Alifunga."

"Basi. Simu ikipita juu ya mulango, mutu amepita. Sheria iko. Kupiga mutu picha akiwa kwa siri yake bila ruhusa ni kosa. Kutumia wengine ni kosa ingine. Mbuzi haiko mu sheria."

 Sheria ninayoijua mimi ni ya mpakani: onyesha karatasi, fungua gunia, pita. Sikujua kuna sheria inayolinda kitu ambacho hakina gunia. Ilinipendeza na ilinitisha. Nikamwuliza jingine, na sauti yangu ilitoka nyembamba kama ya mtoto. "Na mutu aliyeonyesha wazee?"

Akaacha kutafuna. "Nani huyo?"

"Mimi."

Akapangusa maganda mezani. "Ulitaka nini?"

"Haki, afande."

"Basi utaeleza hivyo hivyo Kasese. Watasema nini juu yako, mimi sijui. Sitaki kukudanganya." Akanisogezea karanga. 

Kwa hiyo naogopa, Masika. Naandika wazi. Naogopa kusimama mbele ya watu wenye mihuri, mimi mkimbizi wa zamani mwenye Kiingereza cha kusalimia, niseme: ndiyo, niliishika, ndiyo, niliipitisha kwa mkono wangu. Naogopa kwa ajili ya Thembo pia. Amekula kwetu tangu hajaota meno. Akifungwa, nitamtazamaje mama yake kisimani? Asipofungwa, nitakutazamaje wewe? Nikisema ukweli navunja nyumba iliyotuficha mvua. Nikinyamaza, vijana wa kijiweni wataendelea kuimba, na mimi nitaendelea kuwapungia mkono. Nimezungusha hili kichwani mpaka chumvi nimepima vibaya, mteja mmoja amerudi kunishukuru.

Huenda unangoja niseme kwamba nimepata jibu. Sijapata. Nimepata mbuzi.

Nimempata leo asubuhi kwa chumvi, dume, mwenye kelele, mweusi kama yule tuliyemla. Nilimvuta mpaka kwa Mzee Bwambale. Alikuwa kibarazani anachonga mpini wa jembe.

"Ya nini hii?"

"Ni ile, muzee."

"Ile tulikula."

"Tulikula. Hii ni ya kurudisha."

Akaweka panga chini. "Mbuzi ya amani hairudi, ndugu yangu. Wapi umeona?"

"Sijaona. Labda ni mimi wa kwanza."

"Unataka kufunga mutoto yangu?"

"Sijui nataka nini. Nataka kusema kwamba niliona. Hiyo tu. Ini nililokula halikuwa langu. Mwenye kesi alikuwa jikoni, hatukumuuliza kitu."

 Mbuzi akaanza kutafuna majani ya maharage yake pale uani, na hakuna kati yetu aliyemfukuza. Kisha mzee akasema, polepole, akitazama mpini, "Mimi sikuangalia mupaka mwisho."

"Hata mimi, muzee. Lakini sauti tulisikia bote."

Macho yake yakalowa. Nilitaka kumshika bega, nikashindwa kujua kama bado nina ruhusa. Nikafunga kamba kwenye nguzo. Nilipokuwa natoka akaniita.

"Mutahama?"

"Unatufukuza?"

"Sijasema."

"Basi hata mimi sijasema."

Hapo tumefika. Mama yako anajua. Nilimwambia kabla hamjaenda sokoni, nikidhani atalia kwa sababu ya nyumba. Alinitazama, akaenda jikoni, akaniletea maharage ya jana na kipande kikubwa cha nyama ambacho sijui alikificha wapi. 

Masika, sina hekima ya kukupa safarini. Utakuwa muuguzi, watu watavua nguo mbele yako wakiwa wanaumwa na wanaona haya. Kohoa kabla ya kuingia. Vuta pazia hata kama mgonjwa amezimia. Hilo ndilo pekee nililo na hakika nalo, na nimelijua kwa kulivunja. Mengine yote utanifundisha wewe.

Kesho tutapanda gari pamoja, kama kila mara ninapofuata chumvi Kabatoro. Unajua kawaida yangu: nashuka njia panda ya Kikorongo, navuka barabara, nangoja gari la upande wa chumvi, na gari lako linaendelea Kasese. Umemwambia mama yako kwamba utashuka Kasese kwanza, kabla ya Fort Portal, na kwamba utakwenda kituoni peke yako. Mimi hukuniambia. Una haki.

Barua hii nitakupa tukishatoka Bwera, nawe unasoma haraka, utakuwa umefika hapa kabla ya njia panda. Nitakuwa nimekaa karibu yako, upande wa dirisha, najifanya natazama mashamba ya pamba. Usiniambie kitu. Kondakta atapiga bati aite, "Kikorongo! Wa Kikorongo!" na wewe kwa mazoea utasogeza magoti ili nipite.

Usisogeze.

Papa